Ishara za Kiwanda cha Nyuzi

Mpira wa kwanza ulimgonga Katsumi kwenye mtulinga, akacheka. Wa pili ulimpita ukaenda kugonga wavu wa nyuma, akacheka tena, japo kicheko chenyewe kilikuwa cha kujilazimisha. Wa tatu ulipomkosa, mzee huyu wa miaka sabini na miwili, mwenye magoti mabovu na kifua kama debe, aliinua kinyago chake cha chuma akamtazama rafiki yake kule juu ya tuta la mrushaji. Safari hii hakucheka.

"Wewe Shinpei! Unataka kuniua? Nimeomba mpira wa moja kwa moja, unanitupia unaopinda!"

"Si ndio huo ulioomba?" Shinpei akajibu kwa upole. Usoni hapakuwa na utani hata kidogo.

Katika besiboli, mdakaji ndiye anayechutama nyuma ya mpigaji na kuamua mpira gani utupwe. Hasemi neno. Anatoa vidole chini kati ya mapaja, mpigaji asione, na mrushaji anavisoma kutoka tutani. Akiinamisha kichwa amekubali, akikitikisa amekataa. Kidole kimoja ni mpira wa moja kwa moja, viwili ni unaopinda. Ndivyo tulivyofundishwa sote tangu shuleni, na ndivyo ilivyokuwa katika timu yetu ya wazee wa Mizukawa tangu Katsumi na Shinpei walipojiunga, mwaka walipotimiza sitini.

Katsumi akachutama tena, magoti yakilia. Hapo ndipo akakumbuka. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo ishara zilikuwa kinyume, kidole kimoja unaopinda, viwili wa moja kwa moja. Ni kwenye timu ya kiwanda cha nyuzi, enzi za kocha Kuroiwa, aliyeamini kwamba kila timu pinzani ina mpelelezi mwenye darubini. Bwana Kuroiwa alikwisha kufa zamani. Kiwanda chenyewe sasa ni duka la mbolea na vyungu vya maua. Katsumi akatoa vidole viwili, polepole, akiomba moyoni visikubaliwe.

Shinpei akainamisha kichwa. Mpira ukaja wa moja kwa moja, safi, ukalia ndani ya glavu, paa!

"Enhee!" akapaza sauti Nagatomi, kinyozi mstaafu aliyekuwa kocha wetu. "Leo mkono umeamka!"

Katsumi akaurudisha mpira. Ilikuwa mwezi wa Mei. Tangu asubuhi ile alimpa Shinpei ishara za kiwandani, na hakumwambia mtu yeyote.

Sasa tusimwonee mtu huyu, lakini pia tusimpambe. Majirani humsifu Katsumi Morisue kwa tofu yake, jibini ile laini ya soya aliyoitengeneza kwa miaka thelathini baada ya kiwanda kufungwa, na kweli hakuna aliyewahi kununua kwake tofu iliyochacha. Humsifu pia kwa jinsi alivyomuuguza mkewe hadi mwisho bila kunung'unika. Yote kweli. Ila wanasahau kwamba alikuwa mtu wa kuziba. Paa likivuja, yeye huweka ndoo. Mkewe alipoanza kukonda aliongeza mafuta kwenye chakula. Mambo mabaya aliyaona mapema kuliko wote, kisha akayafunika vizuri kuliko wote.

Kwetu mdakaji huitwa mke wa mrushaji. Ndiye anayemsoma, anayembembeleza, anayeficha makosa yake kwa kudaka hata mpira wa hovyo ukaonekana wa maana. Kwa sababu hiyo Fusae, mke halisi wa Shinpei, alikuwa akimwita Katsumi "mke mwenza" tangu siku ya harusi yao. "Wewe ndiye bi mkubwa," angemwambia, "mimi niliolewa juu yako. Haya, bwana wetu leo amekula?" Na Katsumi angejibu kwa sauti nyembamba ya kike, kifua chake kile kama debe, watu wakavunjika mbavu.

Ukweli ni kwamba bila Shinpei, nani angemjua Katsumi? Waliingia kiwandani msimu mmoja, vijana wawili wenye vumbi la pamba kwenye nyusi. Shinpei Isogai alikuwa mrefu, mkono wake wa kulia ulikuwa mali ya kiwanda kizima. Katsumi alikuwa mnene, mzito, hajui kupiga wala kukimbia, lakini alijua kuudaka mpira wa Shinpei. Basi wakaenda pamoja. Wasichana wa mashine walimpigia Shinpei makofi, na Katsumi alikuwa karibu vya kutosha kuyasikia.

Halafu kuna ile mechi. Hawakuizungumza, lakini ilikuwa inakaa nao mezani kila walipokula. Ilikuwa mechi ya kupata nafasi ya kwenda kucheza mji mkuu. Wapinzani walikuwa kiwanda cha saruji cha ng'ambo ya mto, na mpigaji wao hatari alikuwa kijana anayeitwa Eizo Tsukuda, aliyesimama karibu kabisa na bamba, lile pande jeupe la chini ambalo mrushaji hulilenga, vidole vya miguu juu ya mstari, kama anakuambia nitoe ukiweza. Kocha Kuroiwa alikuwa na sheria yake: anayekanyaga mstari, mwondoe. Yaani mpige kwa mpira. Ishara yake ilikuwa ngumi. Kuroiwa akaguna benchini, Katsumi akatoa ngumi.

Shinpei akatikisa kichwa. Katsumi akatoa ngumi tena. Akakataa tena. Akatupa mpira wa haki, katikati, na Tsukuda akaupiga ukaenda kuanguka mtoni.

Bwana Kuroiwa alimzaba Shinpei kofi mbele ya wafanyakazi wote, wakiwemo wale wasichana. Akamgeukia Katsumi akasema, "Wewe umefanya kazi yako." Miaka hamsini imepita. Mara moja tu, kwenye karamu ya mwaka mpya, Shinpei akiwa amelewa kidogo, alimwegemea Katsumi begani akasema, "Ningekutii siku ile, maisha yangekuwa mengine." Katsumi akamwongezea kinywaji.

Kiangazi kile mambo yalizidi. Mwezi wa Juni Shinpei alimwita mchezaji wetu wa katikati kwa jina la Hirose, na Hirose tulimzika kabla ya lile tetemeko kubwa la ardhi. Wazee wakacheka, maana katika timu ya watu wa sabini kusahau jina ni sehemu ya mchezo. "Mimi leo nimemwita mbwa kwa jina la mke wangu," alisema Nagatomi, "na mbwa ndiye aliyekasirika." Katsumi alicheka kwa sauti kuliko wote. Hakupenda jinsi Shinpei alivyosimama akiwatazama wanaocheka, akingoja Hirose aitikie.

Fusae alikuja siku moja na bakuli lake kuchukua tofu, maana Katsumi bado alitengeneza kidogo kwa ajili ya jirani. Hakuweka bakuli mezani. Alilishika.

"Mke mwenza," alisema, "nikuulize kitu, usinifiche. Wewe unamwona uwanjani. Yuko sawa?"

"Mkono wake uko vizuri kuliko mwaka jana."

"Sikuulizi mkono." Akateremsha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Juzi aliondoka na gari asubuhi, hakurudi. Nimemkuta ameegesha kwenye duka la mbolea, amekaa ndani ya gari na madirisha yamefungwa, jua lote lile. Nikamwambia, baba, unafanya nini hapa? Akaniambia anangoja king'ora cha zamu. Na unajua amevaa nini ndani ya shati? Ile fulana nyekundu."

Katsumi alikata tofu ndani ya maji, polepole, isivunjike. Fulana hiyo anayo pia, kabatini. Mtu akitimiza sitini mzunguko wa miaka umefunga, amerudi alikozaliwa, wanawe humvika nyekundu kama kichanga. Unavaa siku moja, unapigwa picha, watu wanacheka, unavua.

"Joto hilo," alisema. "Joto linachanganya watu."

"Binti yangu anataka nimpeleke hospitali akapimwe kumbukumbu, arudishe na leseni ya gari. Lakini mimi nimemwambia, ngoja. Mdakaji wake ndiye anamjua kuliko mimi. Akisema yuko sawa, tunaacha." Fusae alikuwa akimtazama usoni. "Haya. Sema."

Alikuwa na nafasi hapo, nzuri na pana. Maneno yalikuwa matatu tu: mpeleke, amesahau, nimeona. Katsumi aliyahisi mdomoni. Lakini aliona pia Jumamosi zake zote zilizobaki, yeye peke yake dukani na maharage yake yakilowa, maana Shinpei akitoka, nani anamhitaji mdakaji wa magoti mabovu? Aliogopa. Tuseme hivyo hivyo, aliogopa upweke.

"Mtu anayetupa vile, kichwa chake ni kizima," alisema. "Yuko sawa, mke mwenza."

Uso wa Fusae ukafunguka kwa shukrani, akaweka bakuli mezani. Katsumi akamwekea vipande vikubwa kuliko alivyolipia.

Mwezi wa Agosti timu ikafika fainali ya mkoa, na sababu ilikuwa Shinpei. Hilo ndilo lililotisha zaidi. Kadiri alivyopotea nyumbani ndivyo alivyong'ara uwanjani. Kwa ishara za zamani alitupa kama kijana, bila kusita, macho yakiwa makavu na makini. Jina la wapinzani lilipotangazwa, Nagatomi alimjia Katsumi akijipepea kwa upepeo wake.

"Wazee wa ng'ambo ya mto. Tsukuda bado anawachezea, unajua? Ana mjukuu anayeolewa na bado anacheza." Akaukunja upepeo. "Katsumi, mimi ni kinyozi, nimeshika vichwa vingi. Kichwa cha Shinpei kimekaaje?"

"Kimekaa vizuri, kocha."

"Nimtoe, nimpange Ueda atupe? Sema tu, sitauliza sababu."

"Ueda!" Katsumi akabetua midomo. "Ueda akitupa, mpira unafika kesho. Niachie mimi mtu wangu."

Nagatomi akacheka, akaenda zake. Mwenye shoka hakosi kuni, nasi tulikuwa na shoka letu, nani angeuliza limenolewa na nani?

Siku ya fainali tuliamka na mto umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha ingawa kwetu hapakuanguka tone, na maji ya kahawia yalipita nyuma ya uwanja yakibeba matawi, na mara moja kuku mfu. Hewa ilikuwa nzito, nyenje wakipiga kelele hadi masikio yanauma. Mwewe watatu walizunguka juu ya tuta la mrushaji. Mtu mmoja akasema wanafuata vyakula vyetu, akafunika matonge yake ya wali kwa taulo.

Tulijipanga mstarini, tukavua kofia, tukauinamia uwanja kabla ya kuukanyaga, kama kawaida yetu. Wote tuliinuka. Shinpei alibaki ameinama muda mrefu, na alipoinuka macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kona ya benchi, mahali pasipo na mtu.

"Bwana Kuroiwa bado hajafika?" alimuuliza Katsumi kwa sauti ya chini.

Chini ya kola ya jezi ya Shinpei, Katsumi aliona ukingo mwekundu wa fulana ile. Angeweza kumshika mkono pale pale, akampeleka kwa Fusae aliyekuwa ameketi nyuma ya uzio na mwavuli wake. Badala yake akatazama kushoto na kulia kama kuna anayesikia.

"Yuko njiani," alisema.

"Vizuri." Shinpei akashusha pumzi. "Sitaki acheleweshwe leo."

Tsukuda mwenyewe alikuja kuwasalimia kabla ya mchezo. Alikuwa amesinyaa, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa na mfuko wa matango ya chumvi aliyotengeneza mkewe.

"Nimewaletea, msiseme watu wa saruji hatuna adabu," alisema. "Jamani tumezeeka! Isogai, nipe mpira wako mmoja ule mzuri nikumbuke ujana. Lakini taratibu, sawa? Mwaka huu nakunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Mke wangu akinishika tu mkono napata alama, majirani wanadhani ananipiga."

"Si anakupiga kweli," alisema Katsumi.

"Anapiga, lakini si hapo!" Tsukuda akacheka, kisha akaonyesha jicho lake la kushoto, lenye ukungu. "Na hili limekwisha, nangoja lipasuliwe. Sioni mpira hadi ufike. Nikisimama karibu karibu na bamba msinikasirikie, si ubishi, ni upofu."

Shinpei aliyashika matango yale kwa mikono miwili, kwa heshima, akimtazama Tsukuda miguu. Tsukuda alipoondoka, Shinpei alimgeukia Katsumi. "Anajifanya rafiki," alisema.

"Ni rafiki, Shinpei."

"Ndivyo alivyo kila mara."

Mchezo ukaanza. Wapigaji wa ng'ambo walikuja mmoja mmoja na kuondoka wakitikisa vichwa. Katsumi alitoa vidole vyake kinyume, Shinpei akakubali, mpira ukaja pale pale ulipoitwa. Watu waliosimama ukingoni mwa mto walianza kupiga kelele. Kila mara timu ikirudi benchini Shinpei aliketi na nafasi ya mtu mmoja kati yake na wenzake, mgongo umenyooka, akiitikia kwa heshima, "Ndiyo. Ndiyo, bwana." Ueda aliona, akamgusa Katsumi kwa kiwiko.

"Anaongea na nani?"

"Anahesabu mipira. Mwache."

Zamu ya tano Katsumi alimpelekea chai ya shayiri. Mkono wa Shinpei ulikuwa baridi, katika joto lile. "Tukishinda," Shinpei alisema, "nitamwoa Fusae. Usimwambie mtu." Katsumi alitazama nyuma ya uzio, kule kwenye mwavuli. Fusae akampungia mkono. Naye akampungia.

Zamu ya sita tulikuwa mbele kwa alama moja, na wao walikuwa na mkimbiaji kituo cha pili, tayari kukimbilia alama. Tsukuda akaingia. Alimwinamia mwamuzi, akamwinamia Katsumi, akasogea, akasogea tena, hadi vidole vya miguu vikawa juu ya mstari. Kofia yake ngumu ilikuwa kubwa kuliko kichwa, imelalia upande mmoja, ikaachia wazi sikio lote la upande wa mto.

"Mzee Tsukuda, rudi nyuma kidogo," Katsumi alimwambia chini chini.

"Nikirudi sioni kitu, Morisue. Acha nipige mpira mmoja."

Katsumi akachutama. Aliweka glavu upande wa nje, mbali kabisa na mwili wa Tsukuda, mbali kiasi cha kumkera mwamuzi. Alikuwa bado hajatoa kidole hata kimoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, umelala wazi.

Kule tutani Shinpei alitazama kona ya benchi. Akangoja. Kisha akamtazama Katsumi, akainamisha kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa jambo na kuridhika nalo.

Katsumi alitazama kiganja chake kitupu. Alijua. Wengine wote uwanjani waliona mrushaji amekubali ishara. Yeye ndiye peke yake aliyejua kwamba ishara haikutolewa, na alijua ni ipi. Kusimamisha mchezo ni neno moja tu. Unamwambia mwamuzi "muda", unainuka, unakwenda tutani, kila mdakaji hufanya hivyo mara kumi. Lakini angesema nini huko tutani, na Nagatomi angemfuata, na Ueda, na yote yangetoka hadharani mbele ya Fusae. Alisita. Hakusita sana, muda wa mtu kumeza mate. Halafu magoti yale yakagoma kumwinua.

"Muda!" alipiga kelele, na mpira ulikuwa umekwisha kutoka mkononi.

Tsukuda hakujikinga hata. Alikuwa akiutafuta mpira kwa jicho lake lenye ukungu, shingo ameinyoosha. Ulimpata chini ya kofia, nyuma ya sikio. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliweka gongo lake chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaanguka ubavu juu ya bamba.

Yaliyofuata yalikuwa ya adabu kupita kiasi, na hadi leo yananichefua. Shinpei alivua kofia yake, akainama kutoka kiunoni, akabaki ameinama, kama anavyopaswa mrushaji aliyempiga mtu. Watazamaji walinong'ona kwamba tazameni wazee walivyolelewa. Wenzake Tsukuda walitujia wakiinama wao, wakituomba radhi sisi. "Ni yeye aliyesogea," walisema. "Macho yake mabovu, tumemwonya mara nyingi. Mpira umeteleza, jasho hili, si kosa la mtu." Nagatomi naye akainama, akasema mpira umeteleza. Mwamuzi akasema umeteleza. Ilikwisha kuamuliwa kabla gari la wagonjwa halijashuka kutoka barabara ya juu ya mto. Tsukuda hakufumbua macho pale uwanjani, na hospitalini pia hakuyafumbua. Tulimzika kabla nyenje hawajanyamaza.

Gari lilipoondoka Shinpei alikuja kwa Katsumi aliyekuwa bado amepiga magoti pembeni ya bamba. Uso wake ulikuwa umepumzika, umerudi ujana. Katsumi hakuwa ameuona uso ule kwa miaka hamsini.

"Safari hii sikukataa," Shinpei alisema.

"Shinpei..."

"Siku ile ulinionyesha mara mbili nikakataa, nikakuaibisha. Nimekuwa nikiwaza. Leo nimekutii." Alishika mpira mwingine mikononi, akiugeuza geuza, akitafuta mshono. Akasogea karibu, kwa hofu kidogo, akanong'ona: "Bwana Kuroiwa anasemaje? Amefurahi?"

Nyuma ya uzio Fusae alikuwa amesimama. Mwavuli umeanguka, vidole vyake vimeshika waya. Alikuwa amesikia. Alimtazama Katsumi tu, akingoja kuona atajibu nini.

Katsumi akainuka, ikamchukua muda. Akatandaza kiganja.

"Amefurahi," alisema. "Anasema umefanya kazi yako. Anasema upumzike sasa. Nipe mpira."

Shinpei akampa. Katsumi akaingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya rafiki yake, pale alipojua kila mara anaweka, akatoa funguo za gari. Akampitishia Fusae kwenye tundu la uzio. Zilikwama, ikabidi asukume.

"Mpeleke akapimwe," alisema. "Amesahau. Nimeona."

"Tangu lini?"

"Tangu Mei."

Fusae alizitazama funguo zile kiganjani. Katsumi alingoja matusi, alingoja kilio, angeshukuru hata kwa kofi. Aliwaza atamwita mke mwenza, kwa hasira angalau.

"Ahsante kwa kunijulisha, Bwana Morisue," alisema Fusae, akainamisha kichwa kama anavyomwinamia mgeni. Kisha akazunguka uzio, akamshika mumewe mkono, wakapanda ngazi za ukingo wa mto polepole, Shinpei akigeuka kila hatua kuuaga uwanja.